Radi Iliyopita kwenye Waya wa Famasi

Mtu akisimama kutoa ushuhuda huku kwetu, wasikilizaji hutarajia habari za ugonjwa uliopona, mtoto aliyepatikana, au duara lililotema dhahabu baada ya miaka ya kuchimba mawe matupu. Wangu unahusu kompyuta. Nilisita kuuandika kwa sababu hiyo, mpaka muuguzi mkuu wa hospitali ninayofanyia kazi aliponiambia kwamba walionusurika usiku ule wa radi ni wengi, na wengi wao hawajui mpaka leo kwamba kulikuwa na kitu cha kunusurika.

Hospitali iko Kahama. Jina lake nitaliacha. Kahama ni mji wa Mkoa wa Shinyanga, lakini anayeishi hapa anajua kwamba fedha yake inatoka migodini. Buzwagi ilikuwa mlangoni kwetu hadi ilipofungwa mwaka 2021. Bulyanhulu iko mbele, ukishika barabara ya Kakola kwenda Geita. Katikati na pembezoni kuna maduara ya wachimbaji wadogo, mialo ya kuchenjulia, na watu wasiolala. Kwa hiyo wagonjwa wetu hawana saa. Kifusi kikianguka saa tisa usiku, kabla ya alfajiri kirikuu kiko getini. Aliyemleta mgonjwa ana fedha taslimu mfukoni au hana hata senti, na kwa vyovyote vile lazima aandikwe kwenye mfumo kabla dawa haijatoka famasi. Mfumo ukizima, dawa hutoka kwa karatasi. Na dawa zinazotoka kwa karatasi katika mji wa dhahabu zina tabia ya kupotea kwenye hesabu.

Nilipopokea kazi, kila idara ilikuwa na kompyuta yake iliyoitwa seva: ya mapokezi chini ya meza, ya maabara juu ya kabati, ya famasi nyuma ya maboksi ya dripu. Tulizikusanya zote kwenye seva moja yenye nguvu kwa njia ya mashine pepe. Kwa asiyejua: programu inaigawa seva moja kuwa mashine kadhaa, kila moja ikiwa na diski yake, anwani yake na mfumo wake, na kila moja ikijiona iko peke yake. Faida ambayo wauzaji huitaja ni kuokoa umeme na vifaa. Faida ninayoijua mimi ni nyingine: mashine pepe nzima ni faili. Unaweza kuinakili, kuihamisha, na kuiwasha kwenye chuma kingine ambacho hakifanani hata kidogo na kile cha kwanza. Tulichagua Proxmox, programu huria inayotengenezwa Vienna, Austria, kwa sababu haikuhitaji leseni ya kulipia. Uamuzi huo ulionekana wa kimaskini mpaka kampuni ya Marekani Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023, na Februari iliyofuata toleo la bure la VMware likaondolewa sokoni. Lilirudishwa mwaka 2025, lakini kwa hospitali zilizolitegemea, mwaka ule ulikuwa mrefu.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Ulianza kuuma Septemba 2023 na ukaendelea hadi mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa. Wa kwanza, wa megawati 235, uliwashwa Februari 2024. Magazetini mgao ulikuwa habari ya megawati. Kwenye chumba cha seva ulikuwa habari ya betri.

Betri nyingi za UPS, kile kifaa kinachoshika mzigo umeme ukikatika, ni za risasi, volti 12, na umri ulioandikwa kwenye boksi ni wa chumba chenye nyuzi joto 25. Joto likipanda kila nyuzi 10 juu ya hapo, umri wake hupungua karibu nusu. Chumba chetu wakati wa kiangazi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa pamoja na umeme, hakikuwa cha nyuzi 25. Juu ya hilo, betri hizi zimetengenezwa kubeba mzigo mara chache na kwa muda mfupi. Ukizimaliza kabisa asubuhi, umeme ukarudi kidogo, ukazimaliza tena jioni kabla hazijajaa, zinakufa ndani huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Taa hiyo haipimi kitu. Kipimo ni kuchomoa UPS ukutani siku tulivu, mzigo ukiwa umewekwa, na kutazama saa. UPS yetu iliyoahidi nusu saa ilikuwa imebakiwa na dakika chache tu.

Dakika chache zinatosha ukizipanga. UPS lazima iongee na seva kupitia waya wa USB. Sisi tunatumia programu ya bure iitwayo NUT. Chaji ikishuka kufikia kiwango tulichoweka, seva inaanza kuzima mashine pepe moja baada ya nyingine: kwanza zile zinazohudumia watu, halafu ile yenye hifadhidata, mwisho seva yenyewe. Ukigeuza mpangilio, famasi itakuwa bado inaandika huku hifadhidata imeshalala. Kuwasha ni kinyume chake. Na umeme unaporudi, usiruhusu seva iamke papo hapo. Umeme wa kwanza kurudi si wa kuaminiwa. Huja, ukakatika, ukaja tena wenye nguvu kupita kiasi. Tumeweka sharti kwamba seva isiamke mpaka betri zifike nusu. Wenzetu wa mapokezi waliuchukia ucheleweshaji huo. Niliwaacha wanune.

Tulikuwa wawili wakati mgao unaanza. Mwenzangu, kijana hodari aliyejua swichi na ruta kuliko mimi, aliajiriwa na mgodi mkubwa Oktoba ile. Simlaumu. Katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, hospitali, halmashauri na shule zinafundisha vijana wa IT, na migodi inawachukua wakishaiva. Mshahara wa kule hauna mjadala. Nikabaki peke yangu na simu isiyozimwa.

Kabla sijafika kwenye radi, nieleze tulivyokuwa tunatunza nakala rudufu, maana bila hilo yanayofuata hayaeleweki. Kila usiku saa nane mashine pepe zote zilinakiliwa kwenda kwenye kifaa cha kuhifadhia kilichokuwa jengo la utawala, mbali na seva. Hifadhidata, ambayo ni PostgreSQL, haikusubiri saa nane: kila baada ya dakika tano ilituma huko kumbukumbu za mabadiliko yote yaliyofanyika. Kila mwisho wa wiki nakala nyingine iliingia kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, na mhasibu ambaye familia yake iko Mwanza aliondoka nayo Ijumaa na kurudi na ile ya wiki iliyopita. Kuifunga halikuwa jambo la hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Diski ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye basi la Mwanza ingekuwa kesi.

Tena, kila mwezi niliirudisha mashine pepe moja kutoka kwenye nakala, nikaiwasha kwenye kompyuta chakavu isiyounganishwa na mtandao, nikamtafuta mgonjwa wa mwisho kuandikishwa. Kazi hiyo ilionekana ya mtu asiye na shughuli. Mkuu mmoja wa idara aliwahi kuuliza kwa nini napoteza mchana mzima kufungua vitu ambavyo tayari vinafanya kazi ghorofa ya chini.

Niseme pia neno juu ya picha za mashine, kwa sababu wengi huziita nakala. Mashine pepe inaweza kupigwa picha kabla ya marekebisho, ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa. Ni msaada mkubwa. Lakini picha hiyo inakaa kwenye diski ileile ya mashine yenyewe. Diski ikiungua, vyote vinaungua pamoja. Na ukiiacha baada ya kazi, inakua kila siku kadiri mashine inavyoandika. Fundi wa kampuni moja iliyotuuzia programu ya maabara alipiga picha kabla ya kusasisha, akaondoka bila kuifuta. Kwa kuwa diski zetu zilikuwa zimegawiwa nafasi nyingi kuliko iliyopo kweli, kwa matumaini kwamba hakuna atakayetumia yote, siku nafasi ya kweli ilipokwisha mashine zote ziliganda kwa pamoja, hata zile zisizohusiana na maabara. Tangu hapo seva inanitumia ujumbe wa simu nafasi ikifika asilimia 80, na picha yoyote iliyozidi siku tatu inafutwa.

Sasa radi. Mwisho wa mwaka 2023 zilinyesha mvua za El Niño, na bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Jioni moja ya Novemba ilipiga karibu na jengo la famasi. Jengo halikuungua, hakuna aliyeumia. Ila kati ya famasi na jengo kuu kulikuwa na waya wa mtandao wa shaba uliozikwa ardhini na mkandarasi aliyejenga jengo hilo, na shaba haichagui inabeba nini. Kompyuta za famasi zilikufa, swichi yake ikafa, na msukumo ukafuata waya hadi chumba cha seva. Swichi kuu iliyeyuka milango. Seva ilipoteza kadi ya mtandao, kifaa kimoja kati ya viwili vya kusambaza umeme, na kifaa kinachoongoza diski. Diski zenyewe zilikuwa kwenye RAID, yaani moja ikifa nyingine zinaendelea. RAID inakukinga na diski iliyokufa. Haikukingi na radi, moto, mwizi wala mtu mwenye ruhusa ya kufuta.

Mlinzi wa getini, mzee ninayemheshimu, aliniita pembeni akaniambia, “Mwanangu, radi hii imetumwa.” Nikamwambia, “Shikamoo babu, naona imetumwa kupitia waya huu hapa,” nikamwonyesha shaba iliyoungua. Alicheka. Baadaye nilijua kwamba hakuwa peke yake kuamini hivyo, na kwamba wengine walikuwa na jina la aliyeituma.

Kazi ya usiku ile ilianza kwa kutafuta chuma. Kompyuta yenye nguvu kuliko zote zilizobaki ilikuwa ya uhasibu. Nilitaka kuiongezea kumbukumbu za RAM kutoka kwenye seva iliyokufa, lakini kumbukumbu za seva haziingii kwenye kompyuta ya kawaida. Ikabidi nizichomoe kwenye kompyuta nyingine tatu za ofisini. Nikaweka Proxmox upya. Hapo ndipo hesabu ya mtandao ilipokuja. Swichi ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde. Nakala zetu zilikuwa kama gigabaiti 500. Kwa swichi ile, kuzihamisha kungechukua zaidi ya saa kumi na moja, na asubuhi ingekuwa imeshapita. Nikaacha swichi kabisa, nikaunganisha kompyuta ile moja kwa moja na kifaa cha nakala kwa waya mmoja wenye kupitisha gigabiti. Kwa mwendo huo, mzigo uleule unahitaji saa moja na ushei kama diski zinaweza kufuata. Zetu hazikuweza, lakini tulikuwa tumetoka kwenye kukata tamaa tukaingia kwenye kusubiri.

Kipi kirudi kwanza? Mimi ningeanza na mashine ndogo kwa sababu ni nyepesi. Mhasibu alitaka mishahara, kwa kuwa ilikuwa wiki ya mishahara. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni na tochi.

“Famasi na maabara, mwanangu,” alisema. “Mshahara wangu utanisubiri.”

“Na picha za eksirei, mama?”

“Zilizopigwa jana zimeshaonwa na daktari. Hizo mwisho kabisa.”

Picha za eksirei zilikuwa zaidi ya nusu ya mzigo wote. Kwa sentensi yake moja alinipunguzia kazi kuliko programu yoyote ingeweza. Tangu hapo nashikilia kwamba mpangilio wa kurudisha huduma uandikwe na watu wa wodini, mtu wa IT akiwa mwandishi tu. Kabla ya jua kuchomoza hifadhidata ilikuwa imerudi hadi dakika tano kabla ya radi, na famasi ilikuwa inatoa dawa kwa kompyuta mbili zilizoazimwa. Ilikuwa polepole. Hakuna mgonjwa aliyerudishwa.

Ningeishia hapo kama ushuhuda ungekuwa wa vifaa. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kujieleza.

Miezi kabla ya radi, hesabu za famasi zilikuwa zimeanza kupungua: sindano za antibiotiki, dawa za maumivu makali, vifaa vya kushonea majeraha, vitu vinavyopata mnunuzi haraka karibu na maduara. Ukaguzi ulikuwa umepangwa. Radi ikapiga jengo la famasi siku chache kabla ya ukaguzi. Watu wakaunganisha. Radi gani inayochagua famasi? Na nani pekee aliyekuwa na funguo za kumbukumbu usiku mzima, peke yake, akirudisha anachotaka na kuacha asichotaka? Barua ilisema nieleze ni kwa namna gani kumbukumbu za famasi zilipotea na nani alizipoteza. Funguo za chumba cha seva zilichukuliwa. Nilikaa nyumbani bila kujua kama kazi ipo. Mama yangu alisafiri kutoka Maswa kuja kunipikia, na hakuuliza swali hata moja, jambo lililoniumiza kuliko maswali.

Niliyoyaandika kwenye maelezo yangu yalikuwa mafupi. Niliomba kamati ifungue kompyuta ndogo iliyokuwa jengo la utawala, kwenye kabati la masjala. Huko ndiko seva, swichi na ruta zote zilikuwa zinatuma kumbukumbu za matukio: nani kaingia, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi, kabadilisha nini. Akaunti yangu ya kila siku iliweza kuzisoma tu. Nywila ya kuzifuta ilikuwa ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri kwenye sefu ya mganga mfawidhi, na lakiri ilikuwa nzima. Tulikuwa tumepanga hivyo mimi na mwenzangu aliyekwenda mgodini, kwa sababu yeye alikuwa akisema kwamba anayeweza kufuta nyayo zake hana ushahidi wa kujitetea. Nilidhani anakuza mambo.

Mambo mengine mawili madogo yalinibeba. Kila mtumiaji alikuwa na akaunti yenye jina lake. Hapakuwa na akaunti moja ya “admin” inayotumiwa na watu saba. Kufikia hapo kulinigombanisha na famasi nzima, maana walizoea kuacha kompyuta wazi ili yeyote auze. La pili ni saa. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinaamka zikiamini ni mwaka 1970 mpaka zipate saa kutoka intaneti. Seva ambayo betri yake ndogo ya ndani imechoka nayo huamka na tarehe ya ajabu. Katika mgao, vifaa vyetu vingekuwa vinaishi kila kimoja katika mwaka wake. Kwa hiyo tulikuwa tumeweka mashine moja kuwa mtunza saa wa hospitali, na vingine vyote vinamuuliza yeye. Kamati ilipopanga matukio ya seva, swichi na famasi, yalilingana hadi sekunde. Kamera za ulinzi hazikuwa zimeunganishwa na saa hiyo, kwa kuwa zilikuwa chini ya kampuni nyingine. Picha zake zilipishana na ukweli kwa zaidi ya saa nzima, na kamati ikaziweka kando.

Kisha wakachukua vyeti vya dawa vya siku ile, karatasi kwa karatasi, wakavilinganisha na hifadhidata iliyorudishwa. Vilivyokosekana vilikuwa vya dakika zile za mwisho tu, na vikaingizwa kwa mkono. Hakuna kilichoachwa. Upotevu wa miezi ya nyuma nao ulikuwa mle ndani, na majina yake na saa zake. Ulikotokea si kazi yangu kusimulia. Nilirudishiwa funguo kwa barua nyingine, fupi kuliko ya kwanza.

Baada ya hapo hospitali ilinisikiliza, na nilitumia muda huo kabla haujapoa. Cha kwanza hakikuwa seva mpya. Kilikuwa ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Ardhi ya Shinyanga ikikauka haipitishi umeme vizuri, na nguzo moja ya shaba iliyopigwa wakati wa masika haina maana Septemba. Fundi alipima wakati wa ukame akakuta hali mbaya, akaongeza nguzo, akaziunganisha zote, na akaendelea mpaka kipimo kikashuka chini ya ohmu 5. Cha pili, kati ya majengo hakuna tena shaba, tumevuta faiba. Mwanga hauleti radi. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu katika kanda hii, fanya hilo. Cha tatu, betri za UPS zimepewa tarehe ya kustaafu iliyoandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika, na mzigo mrefu umehamishiwa kwenye betri za lithiamu na kigeuza umeme, aina ileile ambayo wenye mialo hutumia pamoja na sola.

Vumbi nalo. Seva hutolewa nje ya chumba na kupulizwa kwa hewa, mapangaboi yakiwa yameshikwa yasizunguke, la sivyo yanaweza kuzalisha umeme na kuunguza bodi. Matundu ya kebo yamezibwa kwa sababu ya panya na mijusi. Mjusi mmoja kwenye kifaa cha kusambaza umeme anatosha kuzima idara. Tulimkuta, mkavu kama karatasi.

Na kuna kaunta buku. Ndani yake, kwa kalamu, kuna mpangilio wa kuwasha na kuzima, anwani ya kila kifaa, waya upi unaingia tundu lipi, na nani apigiwe simu. Karatasi haihitaji seva iwashwe ndipo isomwe. Nililijaribu kwa kumpa karani wa masjala, asiyejua kitu, aizime na kuiwasha hospitali Jumapili mchana huku mimi nimekaa pembeni nimefunga mdomo. Kila alipokwama niliandika upya. Nilipolazwa na malaria mwaka uliofuata, ndiye aliyeiwasha seva baada ya umeme kukatika, na sikupigiwa simu mpaka nilipokuwa nakunywa uji.

Jumapili hizo tulianzisha pia zoezi la kuchomoa waya wa intaneti makusudi na kuzunguka idara kuona nini kinakufa. Mara ya kwanza vilikufa vingi ambavyo havikupaswa kufa. Kompyuta za maabara zilikuwa zinauliza anwani ya seva iliyo chumba cha pili kupitia DNS ya kampuni ya simu iliyo mamia ya kilomita mbali. Printa ya risiti ilikuwa inatafuta leseni Ulaya. Tukaweka DNS ya ndani, tukabadilisha programu ya printa, na mwezi uliofuata tukachomoa tena.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili vilevile, waya ulichomolewa na bahari. Mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Njia ya kaskazini ya SEACOM ilikuwa imeshakatika tangu Februari katika Bahari ya Shamu, inaaminika ni kwa nanga ya meli Rubymar iliyoburuzwa baada ya meli hiyo kupigwa na Wahouthi. Kwa hiyo kombora la Yemen lilifika mpaka dirisha la bima la Kahama: uhakiki wa kadi uliganda, na wagonjwa wa bima wakaandikwa kwa fomu. Lakini mapokezi, maabara na famasi hazikutikisika. Tulikuwa tumechomoa wenyewe mara nyingi mno, hatukushtuka.

Kilichotutikisa siku ile kilitoka ndani. Mtumishi mmoja, kwa nia njema, alileta ruta ya nyumbani yenye laini ya simu ili ofisi yake ipate intaneti, akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Ruta ile ikaanza kugawa anwani kwa kila kompyuta iliyouliza. Kompyuta zetu zina anwani zinazoanza na 10. Nusu yake zikajikuta na zinazoanza na 192.168, na famasi ikatoweka machoni pao. Kila mtu alisema mtandao unasumbua na kulaumu mkongo. Nilitazama anwani ya kompyuta moja tu nikajua pa kwenda. Sasa swichi zimeamriwa kukataa anwani zinazogawiwa na kifaa chochote isipokuwa chetu, na kuna mtandao wa pembeni, uliotengwa na wa wagonjwa, kwa ajili ya simu na ruta za watu.

Kwa wanaoendesha hospitali, vituo vya afya, saccos na mialo kuanzia Kishapu hadi Katoro: bajeti ijayo ikifika mezani, wekeni ethi, faiba na betri juu ya kompyuta mpya za ofisini. Mwombeni mtu wenu wa IT airudishe nakala mbele yenu, kwenye kompyuta nyingine, mpaka mgonjwa au mteja wa jana aonekane kwenye kioo. Akishindwa, msimwandikie barua. Mpeni kompyuta moja chakavu, kaunta buku, na mtu wa pili.